Safu ya Kumi na Moja

Karani alikuwa Mwairishi mwenye haraka.
Julai, 1870: mbu, jasho, farasi anachechemea,
na mlangoni pa nyumba ya magogo
mtu mrefu anamtajia jina lake lote,
Tarald bin Aslak, wa shamba la Lia.
Karani akaandika alichosikia:
Terrel Oxley.

Hivyo ndivyo babu wa babu yangu alivyozaliwa mara ya pili,
huku Minnesota, akiwa na miaka thelathini na minne.
Hajui kuandika, inasema alama ya kalamu.
Biblia yake iko rafuni kwangu,
kingo zimejaa mwandiko wake: bei ya ngano, mvua ya mawe,
ng'ombe aliyekufa Jumapili.
Ila hakuulizwa kwa lugha ambayo angeweza kubisha.

Mkewe ni Kjersti, jina linaloanza na pumzi,
kama mtu anayepuliza kaa lisizimike.
Karani akampa Cherry.
Mwaka 1880 ni Kristi, 1895 ni Kate.
Mwanamke mmoja, meko yale yale.

Nimekaa chini ya maktaba, nje theluji imeziba madirisha,
nazungusha mkono wa mashine, na kaunti nzima inapita
mbio, bila kituo: Lee, Lee, Lee.
Lia walilikata mkia likawa Lee,
na kila aliyetoka kwenye mteremko wowote wa Norwei
alipitiwa na kisu hicho.
Miezi mitano nilimfuata Tarald Lee asiye wetu.
Niliwapenda watoto wake. Nilimlilia mmoja,
dondakoo, miaka sita,
kabla sijajua kwamba wametoka bonde jingine kabisa.
Sikuwafuta.

Sensa ya 1890 ilishika moto ghalani.
Kilichoponea moto kikaloa maji ya wazima moto,
na kilichoponea maji, wakubwa wakaamuru kitupwe.
Kwa hiyo ipo miaka ishirini ambayo sisi ni moshi.

Kisha 1900.
Safu ya kumi na moja: mama wa watoto wangapi?
Tisa.
Safu ya kumi na mbili: walio hai?
Watano.

Watano nawajua. Tallak alikwenda Dakota kulima ngano,
Gunvor mpishi wa hoteli Fargo,
Asbjørg aliolewa na Mjerumani akaitwa Alma,
Ingerid hakuolewa, alishona,
Bendik ndiye baba wa babu yangu.

Nikarudi kwenye sensa ya jimbo, ya 1885,
hesabu ndogo ambayo hakuna aliyefikiria kuichoma.
Aslak, miaka miwili. Mwanamume.
Jina la babu yake, kama desturi ilivyotaka.
Mstari mmoja, basi; mwaka 1895 hayupo.
Nikaunakili kwa senti kumi.
Wengine watatu walikuja na kuondoka
kati ya karani mmoja na mwingine.

Nilimpigia Shangazi Torborg kwenye nyumba ya wazee.
Ana miaka tisini na moja na hasahau deni.
"Sisi hatukupoteza mtu," akasema.
"Ukoo wetu ulikuwa na bahati."

Karani wa 1900 alikuwa Mnorwei, Nils Haugerud.
Aliandika Kjersti, na ile j ikakaa mahali pake.
Labda ndiyo maana alimjibu.
Labda angemjibu yeyote, mwaka wowote,
angeulizwa tu.
Kwenye ile tisa wino umevimba,
kama kalamu ilitua hapo ikasubiri,
au karatasi ilikuwa mbovu; sijui.

Kwenye karatasi ya nasaba nimechora visanduku tisa.
Vitatu nimeviacha vitupu, na mstari wa kuviunganisha na mama.
Nikampelekea shangazi kwa posta.
Juzi amenipigia, sauti ya kunihurumia,
akauliza kama printa iliniishia wino.